Mashine Inaandika Kwiri, Nani Anaisoma?

Karibu kila kijana anayefikiria kufanya mtihani wa cheti cha kwanza cha hifadhidata siku hizi anauliza jambo moja: kuna haja gani tena? Iambie programu ya akili unde, kwa maneno ya kawaida, kwamba unataka orodha ya wateja ambao hawajanunua chochote mwaka huu. Itakuandikia kwiri, yaani swali la kuiuliza hifadhidata, kwa lugha ya SQL, kabla hujameza mate. Wanaomjibu kijana huyo wamegawanyika makundi mawili. Wa kwanza wanamwambia asipoteze muda na ada, mtihani umepitwa na wakati. Wa pili wanamwambia afanye tu, cheti ni cheti, na kwa kuwa ni karatasi tu, atafute madampu, yaani maswali ya mtihani yaliyovuja, akariri, amalize. Naona wote wamekosea, tena kwa sababu ileile: wanaamini mtihani huu unapima uwezo wa kuandika SQL. Mtihani wa ngazi ya kuanzia, kwa sehemu yake kubwa na iliyo bora, humwekea mtahiniwa kwiri iliyokwisha kuandikwa na mtu mwingine na kumuuliza italeta nini. Ni mtihani wa kusoma. Na kusoma kwiri iliyoandikwa na mwingine ndiyo kazi inayobaki mikononi mwa binadamu pale mashine inapoanza kuandika.

Ahadi kwamba mtu wa kawaida ataongea na data mwenyewe, bila mtaalamu katikati, ina umri mkubwa kuliko wengi wanaoitangaza leo. Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa IBM, alichapisha wazo la kupanga data katika majedwali na kuiuliza kwa mantiki ya hisabati, bila muulizaji kujali imehifadhiwa vipi ndani ya diski. Hisabati hiyo ilikuwa nzito kwa wengi. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, nao wa IBM, wakatoa lugha waliyoiita SEQUEL, yenye maneno yaliyokaribia Kiingereza cha kila siku, wakasema wazi kuwa wanawalenga watu wasio wataalamu wa kompyuta: wahasibu, wahandisi, wasanifu majengo, wapangaji miji. Jina likafupishwa baadaye kuwa SQL kwa sababu lile la kwanza lilikuwa tayari alama ya biashara ya kampuni nyingine. Mwaka 1986 ANSI, shirika la viwango la Marekani, ikaifanya kiwango rasmi nchini humo, na 1987 ISO, shirika la viwango la kimataifa, ikafuata. Kilichotokea baada ya hapo tunakijua. Wahasibu wengi hawakuandika SQL. Ikazaliwa kazi nzima ya watu wanaoiandika kwa niaba yao, na baada ya kazi ikaja mitihani ya kuwapima watu hao. Kikwazo hakikuwa maneno ya lugha, kwa sababu SELECT (chagua) na FROM (kutoka) unaweza kumfundisha mtu kwa alasiri moja. Kikwazo kilikuwa kujua umeuliza nini hasa, na kutambua pale ulichopewa kinapokuwa si ulichouliza. Akili unde imerahisisha sehemu ya kwanza, ya maneno ya lugha, iliyokuwa rahisi tangu mwanzo. Ile ya pili imeiacha palepale.

Kuna habari nyingine inayosomwa vibaya, nayo ni ya mitihani kufutwa. Microsoft iliviondoa vyeti vya MCSA, vikiwemo vya hifadhidata yake ya SQL Server, mwishoni mwa Januari 2021. Mwishoni mwa Juni 2022 ikafunga mitihani ya MTA, ya ngazi ya kuanzia, ukiwemo ule wa misingi ya hifadhidata wenye namba 98-364, uliokuwa mlango wa kuingilia kwa watu wengi wasio na uzoefu. Anayezitazama tarehe hizo peke yake atasema mlango umefungwa. Lakini Microsoft yenyewe inao DP-900, mtihani wa misingi ya data kwenye Azure, wingu lake, yaani kompyuta zake zinazotumiwa kupitia mtandao. CompTIA, shirika la kutoa vyeti vya teknolojia, walileta cheti cha hifadhidata cha DataSys+ mwaka 2023, wakati tayari kila mtu anazungumzia akili unde. Na mtihani wa SQL wa Oracle, kampuni ya hifadhidata, wenye namba 1Z0-071, umedumu miaka yote hiyo. Kampuni hazijaacha kuwapima wanaoanza. Zimehama kutoka seva iliyoko chumbani kwenda wingu linalokodishwa, na zimeihamisha mitihani pamoja nazo.

Hapa lazima nikiri kwamba hoja yangu haina uzito sawa kwa mitihani yote. DP-900 umegawanyika maeneo manne: dhana za msingi za data, data ya majedwali kwenye Azure, data isiyo ya majedwali, na uchambuzi. Sehemu kubwa yake ni kujua huduma ipi ya Azure inafaa kazi ipi. Ni maarifa yenye matumizi, lakini ni maarifa ya kutambua majina ya bidhaa, na majina ya bidhaa hubadilika. Ukinitaka nichague kwa niaba ya mtu anayeanza, nitamsukuma kwanza kwenye mtihani unaomwekea kwiri mbele ya macho, halafu ule wa wingu aufanye akiwa na sababu, kwa mfano anapotafuta kazi mahali wanapotumia wingu hilo.

Nieleze sasa ninachokiita kusoma, maana bila mfano neno hilo linabaki hewani. Oracle husambaza majedwali ya mfano yanayojulikana kwa jina HR, ambayo wanafunzi wa SQL wameyatumia kwa miaka mingi. Moja ni la wafanyakazi, lina mistari 107. Jingine ni la idara, lina mistari 27. Tuseme bosi anauliza: ni idara zipi hazina mfanyakazi hata mmoja? Mtu anaandika, au mashine inamwandikia:

SELECT department_name
FROM departments
WHERE department_id NOT IN
  (SELECT department_id FROM employees);

Isome kwa sauti. Nipe majina ya idara ambazo namba zake hazimo katika namba za idara za wafanyakazi. Haina kasoro ya sarufi, wala mantiki yake haionekani kuwa na tatizo. Ukiiendesha inarudi haraka, bila kosa, bila onyo jekundu, na inaleta mistari sifuri. Unamwandikia bosi kwamba kila idara ina watu. Ukweli ni kwamba idara 16 kati ya zile 27 hazina mtu.

Kilichotokea ni mfanyakazi namba 178. Huyu hana idara. Mahali pa namba ya idara yake pana NULL. Katika SQL, NULL si sifuri wala nafasi tupu. Maana yake ni kwamba thamani haijulikani. Ukiuliza kama idara namba 120 haimo katika orodha ambayo kimoja kati ya vilivyomo hakijulikani, hifadhidata haiwezi kukuapia kuwa haimo, kwa sababu huenda hicho kisichojulikana ndicho 120. Kwa hiyo haijibu ndiyo wala hapana, inajibu sijui. Na WHERE hupitisha ndiyo peke yake. Mtu mmoja asiye na idara amezifuta kwenye ripoti idara 16. Ongeza ndani ya mabano sharti la WHERE department_id IS NOT NULL, au iandike upya kwa NOT EXISTS ("hakuna mstari unaolingana"), na zote 16 zinarudi.

Swali la aina hii, kwa sura hii au sura ya jirani yake, ndilo roho ya mtihani wa SQL wa ngazi ya kuanzia. Miaka mingi watu waliubeza kwa sababu hiyohiyo. Walisema: mtihani gani wa programu ambao huandiki programu, unachagua A, B, C au D? Kazini nani anakuletea majibu manne uchague? Wakati ule lawama hiyo ilikuwa na haki, kwa kuwa kazini mtu alikaa mbele ya skrini tupu na kuanza kuandika. Leo anakaa mbele ya skrini iliyojaa. Mashine imemletea kwiri ya mistari arobaini, nzuri, iliyopangika, yenye maelezo pembeni, na kazi yake ni kusema hii inaenda au haiendi. Kasoro ya zamani ya mtihani, kwamba unamfanya mtu asome badala ya kuandika, imegeuka kuwa sifa bila mtunzi yeyote kuinua mkono.

Najua nitakalojibiwa: mashine za leo zinaujua mtego wa NOT IN, nyingi huandika NOT EXISTS zenyewe. Kweli, mara nyingi. Lakini neno mara nyingi halitoshi kwenye ripoti inayokwenda kwa mkurugenzi. Tena kuna makosa ambayo mashine haiwezi kuyaepuka hata ikiwa hodari kiasi gani, kwa sababu si makosa ya msimbo. Katika jedwali lilelile la wafanyakazi kuna safu ya kiwango cha kamisheni, kilichoandikwa kwa desimali. Kati ya watu 107, ni 35 tu wenye kamisheni. Wengine wote wana NULL. Uliza wastani wa kamisheni kwa AVG ya kawaida, utapata kama 0.22, kwa kuwa AVG huwaruka wasio na thamani. Zigeuze NULL kuwa sifuri kwanza, utapata kama 0.07. Tofauti ni mara tatu, na kwiri zote mbili ni sahihi. Moja inajibu: anayelipwa kamisheni hulipwa kiasi gani? Nyingine inajibu: ukiigawa kamisheni kwa kampuni nzima, kila mtu anagusa kiasi gani? Mashine itachagua moja, na huenda isikwambie kwamba imechagua. Ili ujue kwamba kulikuwa na uchaguzi, ni lazima uwe umewahi kuulizwa AVG inafanya nini ikikutana na NULL. Hilo limo katika mitihani ya kuanzia tangu zamani, na watahiniwa wengi hulipita kama jambo dogo la kukariri.

Hoja za upande wa pili hazilingani uzito. Ninayoiheshimu zaidi inasema: badala ya mtihani, fanya mradi. Jenga hifadhidata ya kitu halisi, iweke mahali watu waione, mwajiri atajifunza mengi kukuhusu kuliko kwenye cheti. Nakubaliana nayo karibu yote. Mtihani wa kuanzia haukufundishi kukaa na mtu asiyejua anachotaka na kutoka na mchoro wa majedwali. Haukufundishi kurejesha data usiku baada ya diski kufa. Haupimi hata kama unaweza kumweleza mwenzako kosa lako bila kumkera. Lakini miradi ya wanaojifunza ina ugonjwa wake: data yake ni safi mno. Aliyeijenga hifadhidata ndiye aliyeijaza, kila mfanyakazi ana idara, kila bei ina namba, kila tarehe iko sawa. Mtu anaweza kumaliza miradi mitatu asikutane na NULL hata moja iliyomuumiza. Mtihani, kwa ule ukorofi wake wa kutafuta pembe, unamsukuma kwenye kona ambazo mradi wake mwenyewe usingemfikisha. Ndiyo maana naviona kama vitu viwili vinavyokamilishana, na anayefanya kazi ya data kila siku, ambaye data chafu imekwisha kumnyoosha, sioni kwa nini alipie mtihani wa kuanzia isipokuwa mwajiri wake ameudai.

Hoja ya pili inasema cheti kimeshuka thamani kwa sababu mtu anaweza kukipata bila kujua kitu. Hiyo ni kweli, na wa kulaumiwa wapo. Hapo ndipo inapoingia hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi: kwamba madampu ni sawa tu na pasti pepa. Kila mwanafunzi duniani hupitia mitihani ya zamani, wanasema, kwa hiyo kuna ubaya gani kupitia maswali ya Oracle au Microsoft? Ubaya wa kwanza uko wazi. Pasti pepa hutolewa na mwenye mtihani baada ya mtihani kupita. Dampu ni maswali yaliyo hai, yaliyobebwa na mtu aliyekubali masharti ya siri kabla ya kuanza mtihani wake, na kampuni zinazotoa vyeti zinaweza kufuta matokeo na kumfungia mtahiniwa zikithibitisha amezitumia. Tena majibu yaliyomo yaliandikwa na watu wasiojulikana, na mengine ni makosa mtupu. Unauziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini hata tukiweka maadili pembeni, dampu linaharibu kitu cha thamani zaidi kuliko matokeo. Kijana mmoja niliyekuwa nikimsaidia kujiandaa aliniomba nimuulize maswali. Nilianza kusoma la kwanza, na kabla sijafika majibu yenyewe akasema B. Alikuwa sahihi. Nikauliza lingine, nikabadilisha mpangilio wa majibu bila kumwambia. Akasema C, kwa haraka ileile, na C sasa lilikuwa jibu la kipuuzi. Nilipomwonyesha kwiri na kumwomba anionyeshe kwa kidole mstari gani utatoka kwanza, aliitazama kama mtu anayetazama maandishi ya lugha asiyoijua. Alikuwa amesoma wiki tano. Hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa amefanya mazoezi mengi sana ya kutosoma.

Hapo ndipo mjadala wa namna ya kujiandaa unapoachana na ushauri wa kawaida wa ratiba na vitabu. Kama mtihani ni wa kusoma na kazi ni ya kusoma, maandalizi yawe ya kutabiri. Njia ninayoiamini inachosha na haivutii kuieleza. Weka hifadhidata kwenye kompyuta yako. PostgreSQL na SQLite hazina malipo, na Oracle nao wanalo toleo la bure. Pakia majedwali ya mfano. Chukua kwiri, usiiendeshe. Andika kwenye karatasi itarudisha mistari mingapi, na mstari wa kwanza utakuwa upi. Halafu ndiyo uiendeshe. Pale unapokosea, usikimbilie maelezo ya mtu mwingine. Tafuta mstari uliokudanganya.

Jaribu na hayohayo majedwali ya HR. Yaunganishe ya wafanyakazi na idara kwa INNER JOIN, inayobakisha tu mistari yenye mwenzake upande wa pili, kwa namba ya idara: mistari mingapi? Wengi husema 107. Jibu ni 106, kwa sababu namba 178 hana pa kushikia. Ifanye LEFT JOIN ukianza na wafanyakazi: 107, kwani sasa anarudi akiwa na nafasi tupu upande wa idara. RIGHT JOIN: 122, maana zile idara 16 zisizo na watu zimeingia na yeye ametoka. FULL JOIN: 123, wote ndani. Aliyezipata namba hizo nne kwa kalamu, akakosea mbili, akatafuta kwa nini, hawezi tena kuchanganya aina za JOIN. Aliyetazama ile michoro ya miduara miwili inayopishana, ambayo imejaa kila mahali, ataichanganya wiki ijayo, nami naungama kuwa sijawahi kuona mchoro huo ukimfundisha mtu kitu alichokuwa hakijui tayari.

Kuna ushahidi wa kitaaluma kwamba uchovu huo si wa bure. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio ambamo baadhi ya wanafunzi walisoma kifungu na kukirudia kukisoma, na wengine walisoma mara moja kisha wakajaribu kukumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Sehemu ya matokeo hayo inayotajwa kwa nadra ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani zaidi kwamba watakumbuka. Yeyote aliyewahi kutoka kwenye video ya saa mbili ya SQL akijiona ameiva, kisha akakwama kwenye GROUP BY (kugawa mistari kwa makundi) ya kwanza, anaifahamu imani hiyo.

Kusoma kwiri kuna mwelekeo wake pia. SELECT huandikwa kwanza lakini haifanyiwi kazi kwanza. Kimantiki huanza FROM, kisha WHERE, kisha GROUP BY, kisha HAVING (kuchuja makundi), halafu ndiyo SELECT, na ORDER BY (kupanga mistari) mwishoni. Anayesoma kutoka juu kwenda chini kama barua atashangaa kwa nini jina alilolipa safu ndani ya SELECT linakataliwa ndani ya WHERE na kukubaliwa ndani ya ORDER BY. Anayesoma kuanzia FROM hashangai: WHERE ilipopita, jina lile lilikuwa halijazaliwa. Maswali mengi ambayo watahiniwa huyaita ya mtego yanayeyuka kwa tabia hii moja.

Hata hivyo mtihani una mwenyewe, na mwenyewe ana mila zake. Kwenye Oracle, maandishi matupu yasiyo na herufi hata moja huhesabiwa kuwa NULL. Kwenye PostgreSQL ni vitu viwili tofauti. Ukifuta mistari yote ya jedwali kwa TRUNCATE kwenye Oracle, huna njia ya kurudi kwa ROLLBACK, amri ya kutengua. Kwenye PostgreSQL, ukiwa ndani ya muamala, yaani kazi ambayo bado hujaithibitisha, unarudi. Mwenye kichwa cha PostgreSQL akiingia kwenye mtihani wa Oracle ataangushwa na mambo kama haya huku akiwa na uwezo kamili. Wapo wanaosema huo ni uthibitisho kwamba mitihani hii ni biashara ya kampuni inayotangaza bidhaa yake. Ni biashara, ndiyo. Lakini tofauti hizo zipo kazini pia, na programu ya akili unde, iliyolishwa mifano ya hifadhidata zote kwa pamoja, inaweza kukuandikia kwa lafudhi ya hifadhidata nyingine bila kukuonya. Isome orodha rasmi ya mada za mtihani wako kabla ya kitu kingine chochote, na ujifunze juu ya hifadhidata ileile utakayopimwa nayo.

Akili unde nayo ina nafasi katika maandalizi, ila watu wengi huishika upande usio na makali. Wanaiomba iwafafanulie, nayo hufafanua vizuri sana, na wao husoma kwa raha, na tumerudi kwenye ile imani ya video ya saa mbili. Igeuze. Iombe kwiri tatu zinazodai kujibu swali moja la maneno, moja kati yake ikiwa na kasoro isiyoleta ujumbe wa kosa, halafu uitafute mwenyewe na kuthibitisha kwa kuziendesha zote. Usiulize yenyewe ipi ni mbovu. Wakati mwingine hukosea hata mtego ilioutega yenyewe, na siku utakapoikamata hivyo utakuwa umejifunza kuliko kwa swali lolote la mazoezi.

Haya yote yana matokeo kwa watu wasiokaa kwenye kiti cha mtahiniwa. Watunzi wa mitihani hawawezi kukaa wakisifiwa kwa sifa waliyoipata kwa bahati. Bado wanatunga maswali ya kumbukumbu tupu, ya kupanga vifungu au kutaja jina kamili la kipengele, na hayo kweli mashine imeyaua. Nafasi yake ingejazwa na swali la sura moja: hili ni ombi la mtu kwa maneno ya kawaida, hii ni kwiri, haya ni majedwali. Je, kwiri inajibu ombi, na kama haijibu, ni mstari upi unaoonyesha hivyo? Swali la namna hiyo halihitaji mfumo mpya wa kompyuta, na dampu lake linachakaa haraka, kwani kubadilisha thamani moja ndani ya jedwali kunabadilisha jibu.

Waajiri nao wanafanya moja kati ya mambo mawili: wanadai cheti kwenye tangazo la kazi na kutokigusa tena, au wanakipuuza kabisa wakiamini mashine itaziba pengo. Cheti kingewafaa zaidi kama mahali pa kuanzia mazungumzo. Mtu amekuja na cheti cha SQL. Mpe majedwali mawili madogo yaliyochapishwa kwenye karatasi, moja likiwa na mtu asiye na idara, na umwombe idadi ya mistari kwa kila aina ya JOIN. Dakika kumi zinatosha, bila kompyuta. Akikosea moja, muulize mstari upi ulimdanganya, na usikilize jibu hilo kwa makini kuliko ulivyozisikiliza namba.

Kijana wangu wa B na C aliahirisha mtihani kwa mwezi mmoja, akalipa tofauti ya ada ya kuhamisha tarehe, na akaniambia kwa hasira kwamba nimempotezea wiki tano. Mwezi ule alituma picha za karatasi zake kila jioni. Nyingi zilikuwa na namba iliyokatwa na nyingine kando yake.